Lord Salisbury na ukoo wa Cecil: mwana mdogo aliyerithi kila kitu

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari, Pemba: "Vitabu vinasema mkataba wa 1890 uliotuweka chini ya himaya ya Waingereza ulitiwa saini na Lord Salisbury. Kitabu kingine kinamwita waziri mkuu huyo Robert Cecil. Cha tatu kinasema Lord Robert Cecil alipata Nobel ya Amani mwaka 1937. Wanafunzi wananiuliza kama ni mtu mmoja, na kama ni kweli Uingereza ilikuwa ikitawaliwa na familia moja. Mimi mwenyewe ningependa kujua alikuwa mtu wa namna gani, na kama ukoo huo bado upo."

Mwalimu, hao ni watu wawili, baba na mwanawe. Wa 1890 ni baba: Robert Gascoyne-Cecil, Marquess (cheo cha kurithi cha ukabaila) wa tatu wa Salisbury, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1830 na kufariki tarehe 22 Agosti 1903. Wa Nobel ni mwanawe wa kiume wa tatu, aliyepewa jina la baba. Wanafunzi wako wakipekua zaidi watakutana na Robert Cecil mwingine tena, mkongwe kuliko hao, waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza na kisha wa Mfalme James wa Kwanza. Huyo ndiye aliyejenga jumba la Hatfield, kaskazini ya London, lililokamilika mwaka 1611, na ndiye shina la tawi hili la ukoo.

Vurugu za majina zinatokana na desturi ya vyeo vyao. Mwenye cheo ni mmoja tu, mkuu wa nyumba. Mwanawe wa kwanza wa kiume huitwa kwa heshima Viscount Cranborne wakati baba yu hai, na wadogo zake huitwa Lord pamoja na jina walilopewa walipozaliwa. Heshima hizo hazina nguvu ya sheria, ndiyo maana waliokuwa nazo waliweza kugombea bunge la chini, ilhali marquess mwenyewe aliketi Baraza la Malodi bila kuchaguliwa na mtu. Kwa hiyo bwana wetu alikuwa Lord Robert Cecil hadi umri wa miaka 35, akawa Cranborne kwa miaka mitatu, kisha Salisbury hadi kufa. Ukikuta Lord Robert Cecil katika habari za 1860, ni baba. Ukimkuta katika habari za 1915, ni mwana.

Na kuhusu saini, vitabu vyako virekebishwe. Mkataba ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, na waliosaini kwa upande wa Uingereza walikuwa balozi Edward Malet na Percy Anderson wa wizara ya mambo ya nje. Salisbury ndiye aliyeufikiri, akaujadili na balozi wa Ujerumani mjini London, na kuubeba mbele ya baraza lake la mawaziri na mbele ya malkia. Hakuwa na haja ya kwenda Berlin.

Sasa tuje kwenye mtu mwenyewe. Watu wengi wakisikia cheo kikubwa namna hiyo hudhani alizaliwa kiti kikimngoja. Sivyo. Alikuwa mtoto wa kiume mdogo, na kaka yake James, ingawa alikuwa kipofu na mgonjwa, ndiye aliyekuwa mrithi. Kwa sheria yao ya urithi, ardhi, jumba na cheo vyote humwendea mmoja, na wengine hujitafutia. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa kwake: aliishi nusu ya maisha yake kama mtu ambaye hatarithi kitu.

Utoto wake haukuwa mwepesi. Alipokuwa na miaka mitano, bibi yake mzaa baba aliteketea kwa moto ulioshika ubawa wa magharibi wa jumba la Hatfield, Novemba 1835. Mama yake, Frances Gascoyne, binti wa familia tajiri ambaye mali yake na jina lake viliunganishwa na vya akina Cecil, alifariki mwaka 1839, mtoto akiwa na miaka tisa. Kisha akapelekwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa, na huko wenzake wakampiga na kumtesa hata akawa anamwandikia baba barua za kuomba aondolewe. Aliondolewa mwaka 1845, akafundishwa nyumbani. Inasimuliwa kwamba hata alipokuwa mtu mzima, akitembea London, alipita vichochoroni ili asikutane na waliosoma naye.

Akaenda Oxford, lakini afya yake ilimwangusha, na madaktari wakamshauri asafiri baharini. Kuanzia 1851 hadi 1853 alizunguka Cape, Australia, ambako aliona machimbo ya dhahabu, na New Zealand. Kwa hiyo ncha ya kusini ya bara letu aliwahi kuikanyaga akiwa kijana. Pwani yetu hakuiona kamwe.

Aliporudi, mwaka huohuo wa 1853, aliingia bungeni akiwa na miaka 23. Jimbo lilikuwa Stamford, na mwenye sauti Stamford alikuwa jamaa yake, Marquess wa Exeter, wa tawi la pili la akina Cecil. Salisbury alikaa bungeni kwa jimbo hilo miaka 15 bila hata mara moja kupata mpinzani kwenye sanduku la kura. Hapo wanafunzi wako wana haki ya kusema familia ilitawala. Kiti chake cha kwanza alikipata kama mtu anavyopewa shamba na mjomba.

Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilimfunza zaidi ya Oxford. Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Jaji ni mtu wa heshima kubwa, lakini baba yake Robert alitaka binti wa tabaka lao na mwenye mali, akaipinga ndoa ile vikali. Robert akaoa hivyohivyo. Wakapanga nyumba Fitzroy Square, London, mahali ambapo watu wa tabaka lake hawakuwa wakiishi, na kwa kuwa posho ya baba ilikuwa ndogo na watoto walianza kufuatana, mtoto wa marquess alilazimika kuandika magazetini ili kulisha nyumba. Aliandika makala kwa mamia, nyingi bila jina lake, hasa katika gazeti la wiki lililomilikiwa na mume wa dada yake na katika jarida kubwa la chama cha Conservative. Alihakiki vitabu vya Kijerumani, akachambua siasa za nje, akawashambulia wanasiasa wa upande wa pili na wa chama chake mwenyewe kwa ukali uleule. Aliyekuja kuandika barua za kidiplomasia fupi, kavu, zisizo na neno la ziada, kalamu yake ilinolewa na shida ya kodi ya nyumba.

Juni 1865 kaka yake alifariki. Ghafla Robert akawa mrithi. Mwaka uliofuata aliingizwa katika baraza la mawaziri kusimamia mambo ya India, na mapema mwaka 1867 akajiuzulu, kwa sababu serikali ya chama chake, ikiongozwa bungeni na Disraeli, iliamua kuwapa kura wafanyakazi wengi wa mijini. Yeye aliamini kwamba wengi wasio na mali wakishika kura watazitumia kuwanyang'anya wachache wenye nacho. Hakuwahi kuiacha imani hiyo. Lazima tuiseme wazi, maana mtu ambaye hakuwaamini vibarua wa nchi yake kupiga kura asingefikiria kuwauliza watu wa Unguja na Pemba wanataka nini. Aprili 1868 baba yake akafa, naye akahamia Baraza la Malodi. Tangu hapo hakupigiwa kura tena na mwananchi yeyote, na akawa waziri mkuu mara tatu kwa jumla ya zaidi ya miaka 13: 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902. Ndiye waziri mkuu wa mwisho wa Uingereza kuongoza serikali muhula mzima akiwa katika baraza hilo.

Undugu wa tabaka hilo ulikuwa umesokotana kiasi ambacho mtu wa nje hupotea. Nikupe mfano mmoja. Baba yake alioa tena mwaka 1847, binti wa ukoo wa Sackville-West. Mama wa kambo huyo, alipofiwa, aliolewa mwaka 1870 na Earl wa 15 wa Derby. Mwaka 1878, Uingereza ilipokaribia vita na Urusi, waziri wa mambo ya nje aliyejiuzulu alikuwa huyo Derby, na aliyeshika nafasi yake alikuwa Salisbury. Yaani alichukua wizara ya mume wa mama yake wa kambo. Ukiwachorea wanafunzi ubaoni, watakuelewa haraka, maana habari za Maseyyid wa Zanzibar zimejaa mambo ya aina hiyo.

Nyumbani Hatfield alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwili wake ulikuwa mkubwa, urefu wa zaidi ya futi sita, mabega yameinama, macho hayaoni vizuri, na alichukia sherehe na dansi. Alipenda sayansi. Alijijengea maabara ndani ya jumba, akachezea kemia, picha na mimea, akatia simu na taa za umeme wakati karibu nyumba zote za Uingereza zilikuwa bado za mishumaa na gesi. Umeme wenyewe ulipitishwa kwenye nyaya zisizofunikwa, na mfanyakazi mmoja wa bustani aliuawa nao mwaka 1881. Downing Street, kwenye makazi rasmi ya waziri mkuu, hakupenda kuishi. Alikuwa na nyumba yake Arlington Street, na kila alipoweza alipanda treni kurudi Hatfield, na mafaili ya wizara yakamfuata huko.

Yeye na Georgina walizaa watoto wanane, mmoja akafa mchanga. Malezi yao yalikuwa ya ajabu kwa zama zile. Watoto wa wakubwa wengine walikaa na yaya hadi wakue. Hawa walikaa mezani, wakabishana na wazazi kuhusu dini na siasa, na baba aliwajibu kama anavyowajibu mabalozi. Asubuhi wote walikwenda kusali katika kanisa dogo la ndani ya jumba. Georgina alikuwa mwenye maneno, mchangamfu, asiyeogopa kumpinga mumewe mbele za watu, na hakuna mtu aliyemsikiliza zaidi yake. Binti yao Gwendolen, ambaye hakuolewa, alimsaidia baba yake kama karani na baadaye akaandika habari za maisha yake katika majuzuu manne. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu nyumba ile yanatoka kwake, kwa hiyo yasomwe kwa kukumbuka kwamba ni binti anayemwandika baba aliyempenda.

Sasa Zanzibar. Mwaka 1890 Bismarck alikuwa ameondolewa madarakani mwezi Machi, na Berlin ilikuwa na viongozi wapya waliotamani urafiki na Uingereza. Salisbury, aliyekuwa waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje kwa pamoja, aliona nafasi. Aliitoa Heligoland, kisiwa kidogo cha mawe katika Bahari ya Kaskazini ambacho Waingereza walikishika tangu 1807, na Ujerumani ikakubali himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, ikajitoa Witu, karibu na Lamu, na ikaacha madai yake Uganda. Sultani Ali bin Said, kwa upande wake, alibanwa aiuzie Ujerumani mwambao wa bara, mkabala na visiwa vyenu, kwa alama za Kijerumani milioni nne. Ufaransa ilikuwa na makubaliano ya zamani kuhusu uhuru wa Zanzibar, ikalalamika, na mwezi Agosti ikatulizwa kwa kutambuliwa himaya yake Madagascar na eneo pana la Sahara. Akiwa Barazani, Salisbury alisema kuhusu Sahara kwamba ni ardhi ambayo mkulima angeiita nyepesi sana. Wafaransa hawakufurahi.

Jambo la kuwaonyesha wanafunzi ni hili: aliyesumbuka na swali la wakazi alikuwa Malkia Victoria, na aliwasumbukia watu wa Heligoland. Alipinga kuwakabidhi kwa Wajerumani bila kuulizwa. Kwa Unguja na Pemba swali hilo halikuinuliwa. Salisbury mwenyewe alijua walichokuwa wakifanya. Katika hotuba moja alikiri kwamba wao wazungu walikuwa wakichora mistari kwenye ramani za mahali ambapo mguu wa mzungu haujakanyaga, wakigawiana milima, mito na maziwa ambayo hawakujua hasa yako wapi. Hakutamani makoloni kwa shauku kama ya Cecil Rhodes, tajiri wa migodi wa kusini mwa Afrika ambaye Cecil kwake ni jina tu, si ukoo, ingawa watu wa Rhodes walimpa jina lake mji waliouanzisha Septemba mwaka huohuo, ambao leo ni Harare. Alichotaka ni kulinda njia ya India, Misri na maji ya Nile. Lakini mtu asiye na shauku aliwatia watu wengi wa Afrika chini ya bendera ya Uingereza kuliko wenye shauku, na mimi siwezi kumhesabia ubaridi wake kuwa wema.

Alikuwa tena katika nafasi zote mbili tarehe 27 Agosti 1896, manowari zilipoipiga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja ili kumwondoa Seyyid Khalid bin Barghash na kumweka Hamoud bin Mohammed. Ruhusa ya kutumia nguvu ilitoka kwake kwa simu ya maandishi. Watu karibu 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Mwaka huo pia serikali yake ilianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Uganda.

Je, familia moja ilitawala? Angalia serikali yake baada ya uchaguzi wa 1900. Yeye ni waziri mkuu. Mpwa wake Arthur Balfour, mtoto wa dada yake Blanche, anaongoza bunge la chini. Mpwa mwingine, Gerald Balfour, ana wizara ya biashara. Mkwewe, Earl wa Selborne, mume wa binti yake mkubwa Maud, anasimamia jeshi la majini. Mwanawe mkubwa ni naibu katika mambo ya nje. Watu wakaiita serikali hiyo Hoteli Cecil, kwa jina la hoteli kubwa iliyokuwa imefunguliwa London juu ya ardhi ya ukoo huo. Julai 1902 alipojiuzulu, aliyerithi uwaziri mkuu ni huyo mpwa Arthur.

Wanaomtetea husema Balfour alikuwa na uwezo, na ni kweli. Alipopewa Ireland mwaka 1887 wengi walidhani atashindwa, akawa mgumu kuliko walivyotarajia. Lakini uwezo wa mtu hauondoi swali la ni wangapi wenye uwezo kama wake ambao hawakuwa na mjomba. Jibu langu kwa wanafunzi ni kwamba Uingereza ya wakati ule haikutawaliwa na familia moja, ilitawaliwa na tabaka la koo mia chache zilizooana, na kwa miaka ile ukoo wa Cecil ndio ulioketi katikati. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujikweza kwa vyeo. Victoria alimpa cheo cha juu kabisa cha Duke mara mbili, 1886 na 1892, akakikataa akisema hana mali ya kukibeba.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Oktoba 1899 vita na Makaburu vilianza, na mwanawe Edward akazingirwa Mafeking pamoja na kikosi chake. Novemba 20, akiwa bado amezingirwa, Georgina alifariki. Waliokuwa karibu na Salisbury walisema hakuwa mtu yuleyule tena. Edward alinusurika, mji ukafunguliwa Mei 1900, lakini baba aliacha wizara ya mambo ya nje mwaka huo, uwaziri mkuu mwaka 1902, na akafa Hatfield mwaka mmoja baadaye.

Watoto waliobaki walikwenda njia tofauti. William akawa askofu wa Exeter. Hugh, mdogo wa wote, baada ya miaka mingi bungeni, akawa mkuu wa Eton, shule ileile iliyomtesa baba yake. Robert, yule wa Nobel, alishiriki kuandika katiba ya Shirika la Mataifa (League of Nations) mwaka 1919, na hapa pana kiungo ambacho vitabu vyetu havikitaji: baba alikubali bara la Tanganyika libaki kwa Wajerumani, na mwana alisaidia kuunda chombo ambacho kwa dhamana yake Waingereza walikuja kulitawala. Vita vya 1914 hadi 1918 viliua wajukuu watano wa Salisbury, watatu kati yao wakiwa wana wa askofu William.

Mjukuu mwingine, Marquess wa tano, alikuwa na nguvu kubwa katika chama cha Conservative hadi alipojiuzulu uwaziri mwaka 1957. Mwaka 1961, Iain Macleod alipokuwa waziri wa makoloni na kuharakisha uhuru wa nchi zetu, ni Salisbury huyu aliyesimama Barazani kumshambulia kwamba amezidisha ujanja na amewasaliti walowezi. Hakufanikiwa, Tanganyika ilijitawala Desemba mwaka huo.

Na ndiyo, ukoo upo, na Hatfield ni yao bado, wageni hulipa kiingilio kulitazama. Serikali ya Tony Blair ilipotaka kuwaondoa warithi wote katika Baraza la Malodi, aliyeongoza wabunge wa Conservative humo alikuwa Robert Cecil mwingine, wakati huo Viscount Cranborne, leo Marquess wa saba. Alipatana na serikali kwa siri, bila ridhaa ya kiongozi wa chama chake, William Hague, ili baadhi ya warithi wabaki. Hague akamfukuza Desemba 1998, lakini mapatano yakasimama, na sheria ya 1999 ikawaacha warithi 92 katika viti vyao.